Kitabu Tulichokisoma kwa Mafungu

Habari ya kifo cha Dona Luiza ilinikuta jikoni nikichambua mchele, simu nimeiegemeza kwenye kopo la chumvi. Aliyeniandikia ni binti wa dada yake, huko Marekani, mtu nisiyemjua hata kwa sura. Ujumbe ulikuwa mfupi na wa adabu, na chini yake palikuwa na picha ya tangazo la gazeti la mji wao. Nililisoma polepole, maana Kiingereza changu kimeshika kutu. Lilisema marehemu alikuwa mkutubi wa maktaba ya umma maisha yake yote ya kazi, kwamba alipenda bustani na paka, na kwamba baada ya kustaafu alisafiri. Nikalirudia nikiitafuta Palma, mji wetu huku kaskazini mwa Msumbiji. Haikuwamo. Mume wangu husema mimi ni mtu wa kuhangaika, naweza kupata wasiwasi kwa kutazama maji yanavyochelewa kuchemka, na ni kweli. Lakini siku ile sikuhangaika, nilikasirika. Mwanamke aliyekata kitabu cha serikali kwa kisu cha samaki mbele ya macho yangu anaagwa na watu wake kwa habari za paka! Niliuacha mchele na mawe yake, nikaenda kukaa uani mpaka mtoto wangu wa pili alipokuja kuuliza kama siku hiyo tutakula au hatutakula.

Basi niuandike mimi mwaka ule. Ya kuzaliwa kwangu na ukoo wangu nayaacha, yana wenyewe wa kuyasimulia. Naanza na chumba. Zamani kilikuwa duka la vitambaa, na ingawa vitambaa vilikwisha kuondoka, harufu yake ilibaki, hasa mvua ikinyesha. Mbele kulikuwa na kaunta ndefu ya mbao, na ukipitisha kidole juu yake ulihisi michirizi ya makasi ya mwenye duka. Rafu zilizokuwa na majora ya khanga sasa zilikuwa na vitabu: vya shule vya Kireno, hadithi za Kiswahili zilizovushwa mto Rovuma kutoka Tanzania kupitia Namoto, na vya Kiingereza ambavyo vilipoteza majalada njiani. Sakafuni palitandikwa mikeka miwili, maana wanawake hawakupenda viti, walisema viti vile ni vya kungojea sindano. Watu wa mji walipaita bibilioteka, yaani maktaba. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Pemba, makao makuu ya mkoa wetu, na cheti cha darasa la kumi na mbili na bila kazi, na Dona Luiza, mzee wa Kimarekani aliyekiendesha chumba kile, alinichukua kwa sababu moja tu. Yeye alijua Kiswahili, alichojifunza usichanani alipofundisha shule karibu na Lindi, lakini Kireno kilimshinda. Mimi nilikuwa nacho.

Gesi ilikuwa imekwisha kupatikana baharini, na Palma haikuzungumza kingine. Mwenye vyumba viwili alilala jikoni ili vyote viwili apangishe wageni. Vijana walikuja kwetu asubuhi, jua halijachoma, wakitaka Kiingereza cha kuombea kazi, na wote walitaka kiishe wiki ile ile. Wakaao ng'ambo ya ghuba, tuliambiwa, watahamishwa kupisha kiwanda cha gesi. Nani hasa, wapi, lini, hakuna aliyejua. Ukienda kuchota maji unasikia ni kabla ya Ramadhani, ukirudi na ndoo unasikia hahamishwi mtu, ni maneno ya wenye chuki. Magari meupe yalipita, watu wakanyamaza mpaka yapotee, kisha wakaanza upya, kila mmoja akiapa kwamba amesikia kwa mtu wa ndani. Mimi usiku nilikuwa nasaga meno. Mama alinitengenezea chai ya mchaichai, haikusaidia kitu.

Adhuhuri tulirudisha mlango nusu na kula nyuma ya kaunta. Mimi nilileta wali na mchuzi wa pweza au matapa, kisamvu cha nazi, yeye alileta mkate aliopaka karanga za kusaga, na mwisho wa yote tuligawana vyote viwili. Alikuwa na nywele nyeupe alizokata fupi kama za mvulana, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, na Kiswahili chenye tafadhali nyingi mno. Shangazi yangu Zaina alisema anazungumza kama redio. Hapo ndipo nilipoyasikia maisha yake, kipande leo, kipande kesho. Alianza kazi angali msichana wa shule, akigonga muhuri wa tarehe kwenye vitabu. Baadaye aliendesha gari la vitabu, basi kabisa lenye rafu ndani, akilipeleka kwa wakulima wa mbali katika theluji, na mara moja lilizama shimoni, wakulima wakalivuta kwa trekta ndipo wakaazima vitabu vyao. Halafu akawekwa kwenye meza ya maswali. Watu wa mji ule walipiga simu maktaba kuuliza lolote: bata mzinga wa sikukuu aokwe muda gani, nyoka aliyeonekana bustanini ana sumu au hana, barua ya kumwandikia mwana aliye gerezani ianze vipi. Na yeye alikuwa na sharti moja, kwamba hamjibu mtu kwa kichwa chake. "Hata ninachokijua, nafungua kitabu nimwonyeshe ukurasa," aliniambia. "Mtu asiniamini mimi. Aamini alichokiona mwenyewe." Siku nyingine alituchekesha na habari ya kitabu kilichorudishwa na kipande cha nyama ya nguruwe ya kukaanga kikiwa kimewekwa kuwa alama ya ukurasa. Shangazi Zaina alikuwepo siku hiyo, akainuka kwenda kunawa mikono, na wala hakuwa amegusa kitu. Nilichokishika zaidi mimi ni jambo alilolisema kwa kupita tu, kwamba kila mwaka mji wao ulipiga kura kama maktaba iendelee au ifungwe, na kwamba mwezi wa kura hakuwahi kulala vizuri hata mwaka mmoja. Nilifurahi. Nilidhani watu wenye theluji hawana hofu.

Kitabu chenyewe kililetwa na Hélder, kijana wa Nampula aliyefanya kazi na empreza, kampuni ya gesi, mwenye viatu safi kuliko njia zetu. Alikibeba kwa mikono miwili katika sanduku la karatasi ngumu. Ulikuwa uchunguzi wa ardhi na watu wa ng'ambo ya ghuba, kwa Kireno, mnene kuliko tofali la saruji, na sheria, alisema, inataka uwekwe mahali pa wazi ili umma uusome kabla ya mkutano. Mkutano ulikuwa baada ya wiki chache. Mwenye la kusema aseme siku hiyo, na yasiyosemwa siku hiyo yangehesabiwa kuwa hayapo. Aliyaeleza haya kwa upole, akanywa maji, akaondoka. Kitabu kikakaa kwenye kaunta. Vijana walikizunguka kama kuku anavyozunguka kitu asichokijua, wakarudi kwenye Kiingereza chao. Baada ya siku kadhaa Dona Luiza aliweka mkate wake chini na kunieleza jambo ambalo, nadhani, ndilo lililomleta kwetu. Katika mji wao pia kiliwahi kuletwa kitabu kama hiki, kuhusu jalala la taka za viwanda ambalo lingechimbwa karibu na visima vya mtaa mmoja. Kilikaa kwenye kaunta yake mpaka siku zilizowekwa za kukisoma zikaisha. Hakuna aliyekifungua, na yeye hakumwita mtu akifungue, kwani kazi yake ilikuwa kungoja aulizwe. "Nilikipangusa vumbi kila wiki, Atija," alisema. Watu wa mtaa ule walipokuja kuulizia maji yao yaliyoharibika, ndipo alipowaonyesha ukurasa.

Kwa hiyo hakungoja tena. Alinituma nikamwite Shangazi Zaina, dada yake baba, aliyeishi ng'ambo katika kitongoji ambacho kila uvumi ulikitaja. Shangazi alikuja na kikapu cha mihogo, akaketi mkekani, akakitazama kitabu bila kukisogelea. Nilimwambia aulize anachotaka, tutamtafutia. Nilitegemea aulize nyumba, au mikorosho yake.

"Nyumba ni miti na udongo, ntajenga nyingine," alisema. "Nnataka kujua Saidi anakwenda wapi."

Saidi alikuwa mwanawe wa pekee. Alikufa kwa surua akiwa ndiyo kwanza anaanza kuunga maneno, akazikwa kwenye makaburi ya kitongoji chao, nyuma ya nyumba, upande wa bahari. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka vilio tu. Miaka yote ile sikuwa nimemsikia Shangazi akilitaja jina lake mchana kweupe namna hiyo. Alisema watu wa empreza wakitaka kujenga wajenge, lakini hawezi kuhamia mahali akamwacha mtoto chini ya mashine. Dona Luiza alifungua kitabu ukurasa wa kwanza, akanisogezea. "Tafadhali," alisema, "tuanze."

Nilisoma kila alasiri, nikifasiri kwa sauti, na watu wa ng'ambo wakaanza kuja kusikiliza. Nilikuwa mwepesi wa Kireno cha shule, lakini kile kilikuwa Kireno cha mainjinia, sentensi moja inapanda mlima na kushuka. Wiki ya kwanza ilikwisha tuko kwenye mvua na pepo. Ya pili tuko kwenye ndege. "Ndege wana kurasa nyingi kuliko sie," alisema mzee mmoja, watu wakacheka, mimi sikucheka. Nilihesabu unene uliobaki kwa kidole gumba. Tungefika siku ya mkutano tukiwa bado kwenye kasa na matumbawe, na Shangazi yangu ataniangalia na nitakuwa sina la kumwambia. Wakati huo huo gari la polisi lilianza kupunguza mwendo kila lilipopita mbele ya mlango wetu. Pengine lilikuwa linakwepa shimo. Mimi niliacha kula.

Mwalimu Amade, aliyefundisha chuo cha Kurani pale nyuma ya msikiti na aliyekuwa akisikiliza siku zote akiwa amesimama mlangoni, ndiye aliyelitoa wazo. "Kitabu kikubwa hivi ntu nmoja hakimalizi," alisema. "Na sie vitabu vikubwa twajua namna ya kuvimaliza. Tukifanya hitima, nsahafu unasomwa na ntu nmoja? Unagawanywa juzuu thelathini, kila ntu na yake, wote wanasoma kwa pamoja, na kabla kahawa haijapoa umekwisha." Watu wakaitikia kwa furaha, maana jambo lilikuwa wazi mno, tukashangaa tumechelewa wapi. Wasomaji wa Kireno hawakukosekana: wanafunzi wa sekondari, nesi, walimu wa shule, karani wa soko. Kila mmoja apewe fungu lake, akae na watu wawili watatu wa ng'ambo, awafasirie. Tatizo kitabu kilikuwa kimoja, na kimegandishwa mgongo kwa gundi.

Tulimtazama Dona Luiza. Alivaa miwani, akakigeuza kitabu akikagua mgongo wake, akauliza kama nina kisu. Nilikuwa nacho cha kuparia samaki, nilikinunua asubuhi ile na bado kimefungwa gazetini. Nilimpa huku nikimwambia kwa sauti ya chini kwamba kitabu si chetu, ni cha serikali, na sisi tutaulizwa. "Ndiyo," alisema. Akakilaza kitabu kifudifudi kwenye kaunta, akapitisha ncha ya kisu kwenye gundi toka juu hadi chini, taratibu, ulimi ukiwa kwenye kona ya mdomo. Alipomaliza alirudisha kisu gazetini na kuniomba nihesabu mafungu.

Siku ya kusoma ilikuwa Ijumaa baada ya swala. Mikeka ilijaa ndani, ikatoka hadi barazani, ikafika nyumba ya jirani. Wanawake walileta halua iliyovushwa kutoka upande wa pili wa Rovuma, tende, na mabirika ya kahawa. Mwalimu akasema Bismillahi, na wote wakaanza kwa mara moja. Kelele ile siwezi kuisahau: Kireno na Kiswahili vikikimbizana, nesi akipaza sauti kumshinda karani, mwanafunzi mmoja akisoma kwa kuyumbisha mwili mbele na nyuma kama vile yuko chuoni. Dona Luiza, aliyetumia maisha yake kuwaomba watu wanyamaze, alikaa kwenye kiti nyuma ya kaunta, mikono mapajani, akicheka peke yake. Fungu la mwisho lilipokwisha Mwalimu aliomba dua, Mungu atuondolee mashaka, tukaitikia Amina, halua ikapita. Watu walishikana mikono na kupongezana. Shangazi Zaina alinikumbatia, uso umekunjuka. "Tumekimaliza," alisema. Nilikula halua vipande vitatu.

Kesho yake tulikaa sakafuni kuyapanga mafungu yarudi katika mpango wake, mkutano ukiwa umebaki siku moja. Dona Luiza aliuliza, akipanga tu, bila shaka yoyote: "Ya makaburi yalikuwa kwa nani?" Nikasema kwa Mwalimu Amade, nani mwingine. Tukamwita. Mwalimu akasema yeye alikuwa na samaki na mitego, makaburi alidhani anayo nesi, kwa kuwa nesi alikuwa na mambo ya watu. Nilikwenda hospitali. Nesi alikuwa na malaria na visima, alidhani yako kwa mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu alikuwa na sauti za mashine. Nikaanza kukimbia, mtandio mkononi, sokoni kwa karani, majumbani kwa wanafunzi, na kila niliyemuuliza aliniambia jambo lile lile, kwamba alidhani yako kwa mwenzake. Ndivyo hitima ilivyo. Unasoma juzuu yako, wenzako wanasoma zao, na hakuna anayesimama mwishoni kuuliza kulikuwa na nini ndani yake, kwa sababu Kurani inajulikana. Hiki hakikujulikana. Tulikuwa tumekisoma kitabu kizima na hakuna mtu aliyekisoma.

Tulirudi ukurasa kwa ukurasa, mimi na Dona Luiza, mpaka macho yakawasha. Kwenye ramani kitongoji cha Shangazi kilikuwepo, nyumba zake zimetiwa namba. Nyuma yake, upande wa bahari, palipakwa rangi ya kijani na kuandikwa mwitu. Basi. Nilielewa papo hapo ilivyokuwa, na nikaona aibu na uchungu kwa pamoja. Wapimaji waliwaambia watu waonyeshe mali zao zote. Watu wakaonyesha nyumba, minazi, mikorosho, mabanda ya kuku. Kaburi si mali, nani angelitaja? Tena kwetu mtoto hufundishwa tangu anatambaa kwamba kaburi halinyooshewi kidole. Wakapita wote na wapimaji wao pembeni ya majani yale, wakikaza macho mbele kwa heshima, na mgeni hawezi kujua kwamba jiwe dogo la matumbawe lililozama mchangani ni alama ya kichwa cha mtu aliyezikwa.

Dona Luiza alivua miwani. Sikuwahi kumwona ameshindwa, na iliniogopesha kuliko gari la polisi. "Miaka yote ile, mtu akiniuliza kitu, kilikuwa mahali," alisema. "Kazi yangu ilikuwa kujua ni wapi. Sasa shangazi yako nimwonyeshe ukurasa gani?" Niliondoka kwenda kumwambia Shangazi, aliyekuwa amelala kwetu ili awahi mkutano. Alinisikiliza hadi mwisho, akaomba maji, akakishika kikombe bila kunywa. Kisha aliuliza mkutano unaanza saa ngapi.

Ulifanyika uwanja wa shule, chini ya turubai la buluu lililotufanya wote tuonekane wagonjwa. Mbele waliketi shefe wa distrito, mkuu wa wilaya, na watu wa empreza, nyuma walisimama polisi. Mimi niliketi katikati ya Shangazi na Dona Luiza. Hélder alieleza kwa muda mrefu, mkalimani akafupisha, watu wakapiga makofi pale walipoona wengine wanapiga. Halafu shefe akalifungua sanduku tulilolirudisha asubuhi, akatoa fungu moja, akalitikisa.

"Nani ameichana dokumento ya serikali?"

Nilimwona Mwalimu Amade anaanza kuinuka. Dona Luiza akamtangulia. Alisimama, mdogo, katika viatu vyake vya kiume. "Nimeikata mimi," alisema. "Ilikuwa haisomeki. Sasa imesomwa yote, na watu hawa wana swali. Tafadhali, mwacheni mama huyu aulize." Akaketi, akanishika mkono.

Shangazi Zaina hakuwahi kusema mbele ya wanaume zaidi ya kumi. Alijitanda khanga vizuri, akatazama chini muda wote. "Shefe, mie sijui kusoma," alisema. "Nna mwanangu pale nyuma ya nyumba, upande wa bahari. Jina lake Saidi. Mmeandika kuku, mmeandika kasa. Nnaomba nisomeeni mlipomwandika yeye." Halafu akakaa. Mkalimani alisita, nikafasiri mimi. Hélder alianza kufunua karatasi, kwanza haraka kama mtu aliye na uhakika, kisha polepole. Shefe alimwambia endelea. Hakuendelea. Nyuma yetu mwanamke mwingine akataja jina la mumewe, mwingine la mama yake, na jina likafuatana na jina, wanaume nao wakaingia, hadi turubai lote likawa linataja wafu wake. Polisi mmoja alivua kofia. Hélder aliinua uso, nao ulikuwa umebadilika rangi. Alisema makaburi hayamo, na kwamba kabla ya hatua yoyote atakuja mwenyewe aonyeshwe.

Alikuja kweli. Watu walimwonyesha kwa kumtangulia na kusimama penye kila jiwe, maana vidole hawakunyoosha. Ikachukua miezi, na katika miezi hiyo sikupata nafuu ya hofu hata siku moja, kwa kuwa karatasi inaweza kupotea tena kama ilivyopotea kwanza. Mwisho ikakubaliwa makaburi yote yahamishwe kabla ya nyumba, kwa sanda mpya, kwa taratibu zetu, Mwalimu Amade akisimamia. Wakati huo Dona Luiza alikwisha kuambiwa kwamba kibali chake cha kuishi hakitaongezwa. Hakutupa sababu, nasi hatukuuliza. Alibakiwa na wiki moja, na siku mojawapo aliitumia ng'ambo pamoja nasi, amejifunga khanga ya Shangazi kichwani, akisimama pale alipoambiwa asimame.

Wakubwa walitangulia, na kwao mifupa ilionekana, ikafunikwa upesi. Kaburi la Saidi lilifunguliwa mwisho, kwa sababu lilikuwa dogo na liko pembeni. Mwalimu alichimba mwenyewe, kwanza kwa jembe, kisha kwa kata, kisha kwa vidole. Mchanga wa pale ni mweupe, unapitisha maji ya chumvi, na haukuwa umebakiza kitu. Alipekua, akapekua, akainua kichwa na kutikisa. Hélder aliandika neno kwenye karatasi yake. Dona Luiza alichungulia, akaniuliza maana yake. Vazio, nikamwambia. Tupu.

"Usiandike hivyo," alimwambia, nami nikafasiri.

"Niandike nini basi, Dona? Hakuna kitu."

"Hujamuuliza mama yake."

Shangazi alikuwa mkekani na wanawake wengine, mbali kidogo kama inavyotakiwa. Nilimwita. Alikuja mpaka ukingoni, akatazama ndani, na nilimshika kiwiko nikiogopa ataanguka. Hakuanguka. "Mwambie aandike Saidi," alisema. Kisha akamgeukia Mwalimu Amade. "Nitolee."

Mwalimu alimjibu kwa huruma kwamba aliyekwisha kuwa udongo, sheria haidai ahamishwe, na mama asijitese. "Sikuuliza sheria, Mwalimu," alisema Shangazi. "Nnakuomba unitolee mwanangu." Mwalimu akatandaza sanda, akaanza kuchota mchanga wa chini kabisa, pale mtoto alipolazwa, kwa viganja viwili, akiulaza kwa mstari juu ya kitambaa. Alichota mpaka Shangazi aliposema basi, ndio urefu wake. Akafunga kichwani, akafunga katikati, akafunga miguuni.

Gari la empreza lilikuwa linangoja kuwabeba wafu hadi makaburi mapya, na Hélder alikuwa amekwisha kufungua mlango. Shangazi alilipita. Alimweka Saidi begani, mkono mmoja mgongoni mwake, akaingia njia ya mchanga kwa miguu, na sisi sote nyuma yake, Dona Luiza akiwa wa mwisho kwa sababu viatu vilimsumbua. Mchanga ni mzito, na kulikuwa na mwendo. Wanaume walimkimbilia mara kwa mara kutaka kumpokea, akawa anawapita bila kuwatazama. Mara moja tu alisimama, kwenye kivuli cha mkorosho, akamhamishia bega la pili, akaendelea.